Mtoto analegea, mikono ya baridi, anahema. Kwa nini dharura wamefunga dripu aliyokuja nayo?

MamaWawili (mleta uzi)
Wakuu salaam. Mtoto wa mdogo wangu, ana mwaka na miezi minane, alishikwa na homa kali. Jana jioni akaanza kuhema kwa nguvu, mikono na miguu ikapoa, akalegea. Zahanati ya mtaani wakamtundikia dripu, wakaifungulia yote, wakaandika rufaa. Kufika dharura ya hospitali kubwa, nesi kitu cha kwanza akaifunga. Wakamtoboa kidole, wakampa sukari kwenye mshipa, oksijeni ya puani, wakaagiza damu. Kitanda cha pembeni alikuwepo mtoto wa kuhara, yeye dripu yake inakimbia, na daktari ni huyohuyo mmoja.

Mdogo wangu alipouliza akajibiwa, "Mama, huyu wako hatumpi maji ya kasi." Basi, hakuna maelezo zaidi. Shemeji amefura, anasema tumebaguliwa kwa kukosa bima. Mtoto yuko wodini, leo kafumbua macho na amenyonya. Nataka kuelewa tu: mtoto aliyelegea hivyo anyimwe maji kwa nini?

Mkandarasi07
Pole sana. Jibu rahisi: chupa zimeisha stoo, zilizobaki wanachagua wa kumpa. Tumeshayaona hayo.

BabaJunior
Pole dada. Mkuu hapo juu nakubaliana naye nusu. Mwanangu alipoumwa malaria kali miaka hiyo, walimmiminia chupa moja ikaisha, wakaweka ya pili, akaamka. Sasa hivi ni mzima, anacheza mpira. Maji ndiyo uhai, huyo nesi angeulizwa vizuri.

Tabibu_wa_Zamu
Habari zenu. Kabla hatujamhukumu nesi, MamaWawili naomba vitu vitatu kama viko kwenye karatasi ya rufaa au cheti: wingi wa damu ulikuwa ngapi, sukari ngapi, na je, mtoto alikuwa anaharisha au kutapika?

MamaWawili
Asante dokta. Mdogo wangu kanipigia picha karatasi. Damu 3.9. Sukari 2.1. Malaria imesoma. Kuharisha hapana, alitapika mara moja tu akiwa njiani.

Tabibu_wa_Zamu
Basi picha iko wazi. Huyo mtoto hakupungukiwa maji, alipungukiwa damu na sukari. Damu 3.9 (gramu kwa desilita) ni chini ya 4, na hapo kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) mtoto anaongezewa damu bila mjadala. Sukari chini ya 2.5 (milimoli kwa lita) ni hatari kwa ubongo, inarekebishwa papo hapo: maji ya sukari ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Kule kuhema kwa kina ni mwili unaolia njaa ya oksijeni, tindikali imepanda kwa sababu damu ya kubeba oksijeni hakuna. Sasa ukimmiminia maji ya chumvi kwa kasi, hiyo damu kidogo aliyonayo unaizimua zaidi.

Yule wa kuhara ni ugonjwa mwingine kabisa. Macho yamezama, ngozi ukiivuta inarudi taratibu, hanywi: huyo anapewa mililita 100 kwa kilo. Akiwa chini ya mwaka, 30 za kwanza zinaingia kwa saa moja na 70 zilizobaki kwa saa tano. Akizidi mwaka, 30 kwa nusu saa na 70 kwa saa mbili na nusu. Daktari mmoja, vitanda viwili, maamuzi mawili, na yote ni sahihi.

Mkandarasi07
Dokta heshima yako, lakini mikono ya baridi si ndiyo shoku? Hata sisi wa huduma ya kwanza kazini tumefundishwa: shoku, maji.

nesi_wodi_7
Mkandarasi, kwenye saiti yako akianguka mtu mzima aliyevuja damu, mambo yake ni mengine na ya mtoto mwenye homa ni mengine. Mtoto wa homa anaweza kupoa mikono kwa sababu homa inapanda tu, au kwa sababu kaletwa na bodaboda usiku bila shuka. Ndiyo maana dharura hatuangalii mkono peke yake. Unabonyeza kucha mpaka iwe nyeupe, unaachia, unahesabu: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, tia alama. Unashika mapigo: ni dhaifu na yanakimbia? Tia alama. Unapandisha mkono toka kiganja hadi kwenye kiwiko kuona ubaridi unaishia wapi. Yote yakikutana ndiyo tunaita shoku. Likiwepo moja au mawili, ni mzunguko wa damu uliodhoofu, na kwa mwenye homa huyo hamiminiwi.

MamaWawili, nesi angewaeleza, hilo nalikubali kabisa. Ila usiku mmoja ukiwa na watoto wengi na mikono miwili, maneno ndiyo yanakuwa ya kwanza kukatwa.

MwanaMuheza
Nashangaa hakuna aliyetaja utafiti uliofanyika hapahapa nyumbani. Hospitali ya Teule, Muheza, ndipo walipogundua kwamba dripu ya kasi inaua watoto wenye homa. Mwaka 2013. Dunia nzima ikabadilika kwa sababu ya Muheza!

BintiKilifi
Mwana Muheza, furaha yako naielewa ila usitunyang'anye. Utafiti ule unaitwa FEAST, aliyeuongoza ni Kathryn Maitland na makao yake yalikuwa kwetu Kilifi, Kenya. Ulichapishwa 2011, siyo 2013. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi moja, Teule yenu moja, na nne za Uganda, yaani Mulago, Soroti, Mbale na Lacor. Kwa hiyo wa kushukuriwa zaidi ni akina mama wa Uganda.

KijanaWaMbale
Webale nyo dada 😄 Hatimaye kuna mtu ametukumbuka. Watoto wengi wa utafiti ule walitoka upande wetu, na malaria ya mashariki ya Uganda si mchezo. Hapa kwetu kuna wanaokuja na mkojo mweusi kabisa kama soda, damu imeshaharibika yote.

MwanaMuheza
Sawa BintiKilifi, 2011 na hospitali sita. Teule bado imo.

MwanaTakwimu
Naweka namba ili tuongee kitu kimoja. Watoto 3,141, wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali, ama wamepoteza fahamu ama wanahema kwa shida, na dalili walau moja ya mzunguko kudhoofu. Waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu: maji ya chumvi kwa kasi, albumini (protini ya damu) kwa kasi, na wasiomiminiwa ambao walipata maji ya kawaida ya taratibu. Wote walipata dawa, oksijeni, damu pale ilipohitajika. Baada ya saa 48 waliofariki: albumini asilimia 10.6, chumvi 10.5, wasiomiminiwa 7.3. Yaani kila watoto 100 waliomiminiwa, zaidi ya 3 walikufa ambao pengine wangeishi. Kamati ya usalama ikausimamisha Januari 2011 kabla hawajafikisha idadi waliyopanga.

Na hawakuwemo wenye kuhara, wenye utapiamlo mkali, walioungua wala wa ajali. Kwa hiyo mtoto wa kitanda cha pembeni FEAST haimhusu.

BabaJunior
Namba nimezisoma mara mbili. Ila mwanangu alimiminiwa na akapona. Hilo mnalielezaje?

MwanaTakwimu
Karibu 90 kati ya 100 waliomiminiwa walipona pia, mkuu. Mwanao ni mmoja wa hao, na tunamshukuru Mungu. Tofauti ya tatu kwa mia huwezi kuiona ukiwa kando ya kitanda kimoja. Ndiyo maana madaktari walimimina miaka yote kwa nia njema bila kushtuka.

Mkandarasi07
Hapa sasa nauliza kwa dhati. Kwa nini inaua? Maji ni maji. Mtoto mapafu yanajaa au?

Tabibu_wa_Zamu
Nimeshasema, damu inazimuliwa. Theluthi moja hivi ya watoto wale walikuwa na upungufu mkali wa damu, chini ya 5. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Ukiongeza maji unashusha wingi wa damu, oksijeni inapungua kufika kwenye moyo na ubongo.

BintiKilifi
Dokta, hilo halitoshi. Hata ambao hawakuwa na malaria, hata ambao damu yao ilikuwa nzuri, kumimina kuliwadhuru vilevile. Ingekuwa ni damu pekee, hao wangenufaika.

Na Mkandarasi, mapafu ndiyo kila mtu aliyadhania mwanzoni, mapafu na ubongo kuvimba. Walipokwenda kuchambua kila mtoto alifariki akiwa katika hali gani, kilichozidi kwenye makundi ya kumiminiwa kilikuwa mzunguko wa damu kuporomoka ghafla. Wengi walikuwa tayari wametengemaa kidogo saa ya kwanza, dalili za shoku zimepungua, halafu wakaporomoka baadaye.

DadaWaLeeds
Habari za jioni. Mimi niko dharura ya watoto huku Uingereza, nilisomea uuguzi nyumbani. Maelezo ninayoyaamini mimi: mwili wa mtoto mgonjwa unafunga mishipa ya mikono na miguu makusudi, ili damu kidogo iliyopo ibaki moyoni, kwenye ubongo na figo. Ule ubaridi ni ulinzi. Ukimimina maji kwa kasi, mwili unadanganyika, unafungua mishipa na kuuachia ulinzi wake, na moyo uliochoka unabaki peke yake. Ndiyo maana anapata rangi nzuri kwa muda, mama anafurahi, kisha anaanguka.

nesi_wodi_7
Dada, hiyo ya "anapata rangi kisha anaanguka" nimeiona kwa macho, na iliniuma. Sitaisahau.

Daktari_Mstaafu_MZA
Vijana mnajitahidi, lakini mnasahau chumvi yenyewe. Maji yale ya chumvi ya asilimia 0.9 yana kloraidi, ile sehemu ya chumvi, nyingi kuliko damu. Mtoto ambaye tayari ana tindikali unamwongezea tindikali. Uchambuzi wa baadaye wa watoto haohao wa FEAST ulionyesha hivyo: upumuaji uliharibika zaidi, fahamu ziliharibika zaidi, tindikali ya kloraidi ilipanda, na damu ilishuka. Yaani ni mambo kadhaa kwa pamoja, kila moja linasukuma kidogo.

MwanaTakwimu
Mzee shikamoo. Swali: kama ni kloraidi, mbona kundi la albumini lilikufa kwa kiwango kilekile, 10.6 na 10.5?

Daktari_Mstaafu_MZA
Marahaba. Swali zuri. Albumini nayo ilikuja ndani ya maji yenye chumvi, na ujazo ni uleule. Lakini sitalazimisha, ndiyo maana nikasema kadhaa kwa pamoja.

Mkandarasi07
Kwa hiyo mmetoa maelezo manne na hakuna lililoshinda. Nilidhani hospitali mambo yote yanajulikana.

Tabibu_wa_Zamu
Kujua kwamba kitu kinaua na kujua kinauaje ni mambo mawili. Cha kwanza tunacho tangu 2011. Cha pili kila mtu ana chake, na mimi bado nasimama na damu kuzimuliwa. Siwezi kusubiri mjadala uishe ndipo nifunge dripu.

Mtoto_wa_Kigamboni
Wazungu walisema matokeo hayawahusu kwa sababu kwetu hatuna ICU, vyumba vya wagonjwa mahututi. Wakaendelea kumimina huko kwao. Je, tatizo siyo maji, tatizo ni kukosa mashine?

DadaWaLeeds
Wapo waliosema hivyo, ni kweli. Hoja yao: ukiwa na mashine ya kupumulia na dawa za kupandisha presha, madhara ya maji unayadhibiti. Lakini kumbuka kundi lisilomiminiwa nalo halikuwa na mashine, na wao walikufa wachache. Na huku nako mambo yamebadilika. Zamani tulikuwa tunatoa mililita 20 kwa kilo bila kufikiri. Sasa ni 10 kwa kilo, unasimama, unapima ini kama limeshuka chini ya mbavu kwa kuzidiwa na maji, unasikiliza mapafu, ndipo unaamua kuongeza au kuacha. Mwongozo wa kimataifa wa watoto wa mwaka 2020 nao umetenganisha: pasipo na ICU na presha haijashuka, usimimine, presha ikishuka, unatoa hadi 40 kwa kilo ndani ya saa ya kwanza, kidogokidogo.

BintiKilifi
Na ninyi mnaosema ni watoto tu: Lusaka walijaribu kwa watu wazima wenye maambukizi makali na presha ya chini, wengi wao wanaishi na virusi vya UKIMWI. Matokeo yalitoka 2017. Waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki asilimia 48 wakiwa hospitalini, waliotibiwa kwa kawaida 33. Wagonjwa 212 tu, sawa, lakini upande ni uleule.

Mwakaleli_2
Naomba kupinga kidogo. Hofu hii imekwenda mbali mno. Nimefanya kazi wilayani, nimeona mtoto wa kuhara, macho yamezama, mapigo hayashikiki, mtumishi anaogopa kufungua dripu kwa sababu kasikia semina kwamba "maji yanaua". Mtoto anakauka mbele ya chupa. FEAST ilifafanua vizuri nani hayumo, ila kwenye semina kinachobaki kichwani ni kichwa cha habari.

nesi_wodi_7
Mwakaleli umesema kweli, na hili ndilo linanitia wasiwasi kuliko mapigo na kloraidi. Kuna mtoto ana homa NA anaharisha. Huyo ni wa kundi gani? Mafunzo ya ETAT, ya kupanga na kutibu dharura za watoto, yale yaliyoanzia kwa wenzetu wa Malawi na kuenea na WHO, yanakupa mpangilio: njia ya hewa, kupumua, mzunguko, fahamu na degedege, kisha upungufu wa maji. Ukiufuata hatua kwa hatua unajua unatibu nini. Ukiruka, unatibu hofu yako.

Mtoto_wa_Kigamboni
Na wale wenye presha imeshuka kabisa? FEAST inasema tusiwape?

MwanaTakwimu
Hapana. Wenye presha iliyoshuka sana walitengwa pembeni, wachache, na wote walipewa maji. Kwa hiyo hao FEAST haikuwajibu. WHO ilipoandika upya mwaka 2016 ikasema hivi: shoku kamili yenye dalili zote, 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60, na usimame ukiona anazidi kuhema. Homa yenye dalili moja moja, usimimine.

BibiSalma
Wanangu nimesoma yote. Zamani mtoto akilegea na kupinda macho tulijua ni degedege, anafukizwa kwa kinyesi cha tembo na hapelekwi sindano, maana ilisemwa sindano inamuua. Tulizika wengi. Leo nasikia chupa nayo inaua. Mama kijijini ashike lipi?

Tabibu_wa_Zamu
Bibi shikamoo. Mama ashike hospitali. Akipata degedege njiani: mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, kimbia. Akifika bado anatetemeka tunampa dayazepamu, dawa ya kukata degedege, hata kwa njia ya haja kubwa inaingia haraka, na tunapima sukari palepale. Degedege nyingi za homa, miezi 6 hadi miaka 5, huisha zenyewe kabla ya dakika 15. Ila huwezi kujua ukiwa nyumbani kama ni ya homa tu, ni malaria iliyopanda ubongoni, au ni uti wa mgongo.

BibiSalma
Marahaba baba. Nimekuelewa.

MamaWawili
Nimesoma kila mtu, nawashukuru. Nimemsomea shemeji posti ya damu na sukari, ametulia. Ila anauliza: zahanati walikosea basi? Tukawafokee?

Mwakaleli_2
Msiwafokee. Walimwekea mshipa, na mshipa huohuo ndio uliopitisha sukari na damu. Kipimo cha sukari na cha damu wanacho? Zahanati nyingi utakuta hakuna. Waulizeni kwa upole, na mkiwa na nafasi kwenye kamati ya afya ya kata, semeni vinunuliwe.

Mkandarasi07
Hapo kwenye kamati ya kata niko na wewe. Hoja yangu ya stoo naiweka kando kwa leo.

KijanaWaMbale
MamaWawili, damu walimpa kiasi gani? Maana kwetu na Malawi ulifanyika utafiti mwingine, TRACT, ukatoka 2019. Ukilinganisha 20 kwa kilo na 30 kwa kilo, kwa jumla hakuna tofauti. Lakini asiye na homa wakati wa kuongezewa alifaidika na 30, mwenye homa zaidi ya 37.5 alikuwa afadhali na 20.

MamaWawili
Imeandikwa mililita 190. Uzito kilo 9 na nusu. Homa 38.9.

Tabibu_wa_Zamu
20 kwa kilo kamili. Huyo daktari anasoma. Na kama amechomwa atesuneti, sindano ya malaria kali, mwambie mdogo wako arudi kupima damu baada ya wiki moja hivi na tena kabla mwezi haujaisha, hata kama mtoto anaruka. Kuna watoto damu hushuka tena baadaye ikiwa vimelea vilikuwa vingi. Akikojoa mkojo mweusi au akipauka, asisubiri tarehe.

Daktari_Mstaafu_MZA
Ile ya homa na kiasi cha damu mimi naitazama kwa tahadhari. Ni mgawanyo ndani ya utafiti, na kwa nini homa iamue kiasi cha damu hakuna aliyenieleza nikaridhika.

BintiKilifi
Mzee, mgawanyo ule ulipangwa tangu mwanzo au ulitafutwa baadaye? Maana hapo ndipo uzito wake ulipo.

MwanaTakwimu
Na kama moyo unaozidiwa na maji ndio huohuo unaozidiwa na damu nyingi wakati wa homa, basi tunarudi kwa DadaWaLeeds na mishipa yake.

DadaWaLeeds
Ndicho ninachowaambia tangu jana 😄 Niko zamu, nitarudi usiku nijibu la BintiKilifi.